Hobie 14 au Hobie 16? Mambo ya kukagua kabla ya kutoa pesa

Katamarani hizi mbili za ufukweni, zote kazi ya Hobie Alter wa California, zinafanana kwa sura: bodi mbili za faiba zilizopinda kama ndizi, hakuna mkuku wala ubao wa katikati, na sukani zinazoinuka zikigusa mchanga. Ndiyo maana zinafaa pwani yetu yenye miamba na maji ya kupwa. Sukani zikiwa juu, sentimita 25 za maji zinatosha.

Ya 14 ina urefu wa mita 4.27, tanga moja la mita za mraba 11, na uzito wa kilo 109 hivi. Ya 16 ina mita 5.04, matanga mawili yenye jumla ya mita za mraba 20, na kilo 145. Yaani tanga limekaribia kuwa maradufu, uzito umepanda kwa theluthi tu. Hapo ndipo penye raha yake, na hapo hapo ndipo inapopindukia.

Hatua ya 1: Pima watu. Andika uzito wa wale watakaopanda kila wiki, si wanaoahidi kuja. Kanuni za mashindano za Hobie 16 zinataka jozi yenye kilo 129.3 au zaidi. Nje ya mashindano hesabu ni ile ile: ikilala ubavu, kuiinua kunataka kama kilo 135 zinazoning'inia kwenye kamba. Mtu mmoja wa kilo 70 atavuta mpaka mikono ife ganzi, huku mlingoti ukijaa maji na boti ikigeuka chini juu. Kama unasafiri peke yako, chukua ya 14. Hapa mimi sina mjadala.

Hatua ya 2: Gonga sitaha. Sitaha ni faiba mbili zenye povu katikati. Chukua sarafu, anza mbele ya nguzo za fremu (zile zinazosimama juu ya bodi na kushika fremu), gonga kila sentimita tano. Penye uzima panalia kavu, ko-ko-ko. Povu lilipoachana na faiba panaitika bu-bu, na ukikandamiza kwa dole gumba panabonyea. Pakiwa na upana wa kiganja, panatibika. Pakizunguka nguzo nzima, achana nayo hata kama bei ni ya kutupa, kwa sababu nguzo ndiyo inayobeba mzigo wote wa mlingoti na waya.

Hatua ya 3: Tafuta uvujaji. Ziba tundu la kupumulia, kama lipo. Ingiza mpira kwenye tundu la kutolea maji, puliza kwa mdomo, kisha paka maji ya sabuni kwenye mshono wa sitaha, nguzo, na mahali sukani zinapofungwa. Mapovu yatakuonyesha. Usitumie kompresa; itapasua mshono.

Hatua ya 4: Fremu na waya. Inua kona moja ya mbele. Kona ya pili ichelewe kidogo tu. Ikibaki chini muda mrefu, ribiti zimelegea. Waya wenye uzi mmoja uliokatika ubadilishwe.

Hatua ya 5: Ibishe. Ingia baharini, geuza mara kumi kwenye upepo. Usinunue kwa kuiona juu ya mchanga.

MASWALI YA WANACHAMA

*Fundi, ya 14 inakwama kila nikigeuza, omo (pua ya boti) inasimama kwenye upepo. Kosa nini?*
Haina tanga la mbele la kusukuma omo. Anza ukiwa na mwendo, sukuma mkono wa sukani taratibu, na omo ikifika kwenye upepo legeza demani, ile kamba ya kuvutia tanga, kama nusu mita. Ikianza kurudi nyuma, geuza sukani upande wa pili. Tezi, yaani nyuma ya boti, itazunguka yenyewe. Kwa ya 16, acha tanga la mbele lishike upepo kinyume mpaka omo ipite, ndipo ulihamishe.

*Kaka, wakati wa kusi ya 16 yetu inachimba omo na kuturusha mbele. Tuiuze?*
Msiiuze. Bodi ya chini ya upepo ni nyembamba mbele, na nyinyi mmekaa mbele. Upepo ukiwa ubavuni, wote wawili rudini mpaka kwenye bomba la nyuma la fremu. Omo ikianza kuzama, legeza demani kabla ya kugusa sukani.

*Vipuri vya 14 bado vinapatikana?*
Sukani na vyuma vyake ni vile vile vya 16, kwa hiyo hapo huna shida. Tanga na mlingoti ndivyo vigumu. Kagua hivyo kwanza, na punguza bei kwa kadiri tanga lilivyolegea.

*Hiyo sehemu ya sitaha inayobonyea, yenye upana wa kiganja, inatibiwaje?*
Toboa matundu ya milimita 3, yaachane kwa sentimita 3, yapite faiba ya juu tu. Acha pakauke kabisa, siku kadhaa kivulini. Ingiza epoksi kwa sindano mpaka itokee tundu la jirani, kisha weka plastiki na mfuko wa mchanga juu kwa saa 24. Wengi huharakisha kukausha. Unyevu ukibaki, epoksi haishiki.