Namna ya Kusanifu Mtandao wa Majitaka wa Mji

Kadiria kwanza idadi ya wakazi itakavyokuwa miaka 20 hadi 30 ijayo, uizidishe kwa wastani wa maji anayotumia mtu mmoja kwa siku, kisha uchukulie kwamba takriban asilimia 80 ya kiasi hicho kitarudi kama majitaka. Wastani huo hautoshi peke yake, kwa kuwa asubuhi na jioni mtiririko hupanda mara mbili au zaidi, na maji ya ardhini hupenya kwenye viungo vya mabomba.

Jambo linalostahili muda wako mwingi ni mteremko. Majitaka husafiri kwa uzito wake yenyewe, na yakienda chini ya mita 0.6 kwa sekunde, mchanga na kinyesi hutuama na hatimaye kuziba njia. Bomba la kipenyo cha milimita 200 huhitaji mteremko wa takriban mita 0.4 kwa kila mita 100. Usikimbilie bomba kubwa ukidhani ni salama zaidi, kwani maji machache ndani yake hutambaa tu. Kokotoa pia kasi ya mwaka wa kwanza, wakati nyumba zilizounganishwa bado ni chache, maana hapo ndipo michoro mingi mizuri hushindwa.

Weka chemba kila bomba linapobadili mwelekeo, mteremko au kipenyo. Bomba la majisafi lipite juu ya la majitaka, na yanapokwenda sambamba yatenganishwe kwa mita 3 panapowezekana, kwa sababu presha ikishuka, bomba lenye ufa hufyonza uchafu ulio karibu. Ardhi tambarare ikilazimu mtaro wa kina kirefu mno, linganisha gharama ya uchimbaji na ya kituo cha pampu, ukijumuisha umeme wa miaka yote.