Kuhamishia uwanja pembezoni mwa mji: anza na shabiki anayerudi nyumbani

Klabu inayotaka kuhama katikati ya mji kwa kawaida huanza na picha: paa la kisasa, taa za rangi, majukwaa yamejaa. Picha hiyo ifungie kabatini kwanza. Uwanja wa pembezoni hufa au hupona kwa saa moja, ile inayoanza refa akipuliza kipenga cha mwisho. Katikati ya mji watu hutawanyika wenyewe, kila mtaa ukimeza sehemu yake. Pembezoni kuna barabara mbili, kituo kimoja cha treni na watu 40,000 wanaotaka kuondoka pamoja.

Kwa hiyo kazi yote hupangwa kinyumenyume, kuanzia mlangoni kwa shabiki hadi kwenye kiti chake.

Jua wanakolala mashabiki

Chukua kumbukumbu za mauzo ya tiketi za misimu mitatu na uziweke kwenye ramani kwa anwani, si kwa idadi ya watu tu bali kwa mara walizokuja. Atlanta Braves, timu ya besiboli ya Marekani, walipotangaza kuhamia Cobb County, nje ya jiji la Atlanta, walitoa ramani ya namna hiyo, nayo ilionyesha wanunuzi wao wengi wakiishi upande wa kaskazini, nje ya jiji. Huo ndio ulikuwa msingi wa hoja yao, na uwanja mpya ulifunguliwa 2017. Ila ramani ya tiketi ina udhaifu wake: humwonyesha aliyenunua, haimwonyeshi aliyepewa tiketi na shemeji yake wala kijana anayeamua kuja siku ileile. Ongeza mahojiano ya ana kwa ana mageti yakifunguliwa, mechi tano au sita za aina tofauti, na uliza maswali mawili tu: umekujaje, na utarudije.

Kisha pima umbali kwa dakika, si kwa kilomita. Tuma watu wasafiri kutoka mitaa kumi tofauti hadi kwenye eneo jipya, saa ileile ya mechi, kwa gari na kwa usafiri wa umma. Mtaa ambao safari yake imepanda kutoka dakika 25 hadi 70 ni mtaa utakaoupoteza, na wa kwanza kupotea ni wasio na gari: wanafunzi, wazee, na familia zenye watoto.

Kuna mpaka ambao hakuna hesabu inayouvuka. Wimbledon FC, klabu ya London, iliporuhusiwa kuhamia mji mwingine wa Milton Keynes, mashabiki walianzisha timu yao wenyewe, AFC Wimbledon, mwaka 2002, na 2020 timu hiyo ikarudi kucheza Plough Lane, mtaa wa nyumbani wa klabu ya zamani. Pembezoni mwa mji wako ni kuhama. Mji mwingine ni kuanzisha klabu nyingine.

Idadi ya viti

Usijenge kwa ajili ya mechi kubwa kuliko zote. Darlington ya Uingereza ilihamia uwanja wa viti 25,000 mwaka 2003 ikiwa na mashabiki elfu chache, ikawekwa chini ya msimamizi wa kisheria kwa kushindwa kulipa madeni mwaka huohuo, na 2012 ikauacha uwanja wenyewe. Kiti kitupu kina gharama: husafishwa, hukaguliwa, paa lake hutunzwa, na huua kelele za waliokuja. Juventus walikuwa na Stadio delle Alpi, kubwa na lenye njia ya riadha iliyowatenga watazamaji na mchezo. Wakaubomoa, na 2011 wakafungua uwanja wa viti kama 41,000 palepale. Viti vilipungua, thamani ya kila kiti ikapanda.

Hesabu ya kutoka

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Tuseme viti ni 40,000, na mahojiano yako yameonyesha asilimia 45 watakuja kwa gari, 35 kwa treni, 15 kwa basi na 5 kwa miguu.

Magari kwanza. Watu 18,000 wakikaa wawili na nusu kwa gari, hayo ni magari 7,200. Gari moja pamoja na njia ya kuzungukia linahitaji takriban mita za mraba 25, yaani hekta 18 za lami. Hilo halitishi, pembezoni ardhi ipo. Kinachotisha ni mlango. Njia moja inayoishia kwenye taa za barabarani hutoa magari kama 800 kwa saa. Ukitaka maegesho yaishe kwa dakika 90 unahitaji njia sita za kutokea, zote ziende kwenye barabara zenye nafasi ya kuyapokea. Klabu nyingi hununua hekta 18 zenye njia mbili za kutokea, halafu hushangaa gari la mwisho likitoka baada ya zaidi ya saa nne. Gawanya maegesho katika vipande vya magari 600 hadi 1,000, kila kimoja na njia yake na mwelekeo wake, bila kuruhusu gari kutoka kaskazini likakate foleni ya kusini.

Treni ya kubeba watu 1,000 inayopita kila dakika tano huondoa watu 12,000 kwa saa, kwa hiyo 14,000 wako watamaliza kwa dakika 70. Ikipita kila dakika tatu, inakuwa dakika 42. Tofauti hiyo haitatuliwi na klabu. Hutatuliwa na mwenye reli, na jibu lake lazima liwe kwenye maandishi kabla ya kununua kiwanja: treni ngapi, kuanzia saa ngapi, nani analipia za ziada. Bayern walipohamia Fröttmaning, kaskazini mwa Munich, mwaka 2005, kituo cha U6, njia ya treni ya chini ya ardhi, kilipanuliwa kwa ajili yao. Kituo kisipopanuliwa, foleni itarudi hadi kwenye ngazi za jukwaa.

Na kituo kisiwe mlangoni kabisa. Wengi hulilia hilo, lakini mwendo wa mita 500 hadi 1,000 kwenye njia pana yenye taa ni dawa: wenye haraka hutangulia, wazee hubaki nyuma, na umati unafika kituoni ukiwa umenyooka badala ya kuwa fungu moja. Weka vizuizi vya foleni vya kudumu mbele ya kituo, vilivyojipinda, ili polisi waweze kuwashikilia watu nje na si kwenye ukingo wa reli. Wenye ulemavu wapewe njia yao fupi, isiyopita kwenye foleni hiyo.

Mabasi yahesabiwe kwa safari, si kwa idadi. Watu 6,000 kwa basi la abiria 60 ni safari 100. Kama kwenda na kurudi ni dakika 40 na unataka kumaliza kwa saa moja, kila basi litafanya safari moja na nusu, kwa hiyo ni mabasi 67 na njia yao wenyewe. Basi lililokwama kwenye foleni ya magari ni kiti cha gharama kubwa cha kukalia.

Piga hesabu tena kwa mechi mbaya kuliko zote: ya katikati ya wiki, inayoanza saa 3 usiku. Ikiisha kawaida ni karibu saa 5 usiku. Ikienda dakika za nyongeza na penalti, inakaribia saa 6. Kama treni ya mwisho huondoka saa 5:30, umejenga uwanja ambao mashabiki wake huondoka kabla ya penalti. Mkataba wa treni ya mwisho utaje kipenga cha mwisho, usitaje saa.

Njia mbili hupunguza mzigo bila kujenga kitu. Ya kwanza ni tiketi ya mechi kuwa pia tiketi ya usafiri wa umma, kama klabu nyingi za Ujerumani zinavyofanya. Asilimia ya magari hushuka kwa sababu usafiri umeshalipiwa. Ya pili ni kuwapa watu sababu ya kubaki: vibanda vya chakula visifungwe dakika ya 80, skrini zionyeshe mechi nyingine. Kila mtu anayekaa dakika 40 zaidi ni mtu aliyetolewa kwenye foleni bila kusukumwa.

Ardhi, maji na umeme

Usinunue kiwanja kabla ya kibali. Lipia haki ya kununua: kiasi kidogo kinachokupa miaka miwili au mitatu ya kuchimba, kupima na kuomba vibali, na bei ikiwa imeshafungwa. Ndani ya muda huo chimba mashimo ya kupima udongo, hasa kama eneo liliwahi kuwa jalala, kiwanda au bonde la maji. Ulizia njia za ndege kabla ya kuchora nguzo za taa. Ulizia nyaya kubwa za umeme na mabomba ya gesi yanayopita chini.

Mabomba ya eneo la makazi yamepimwa kwa ajili ya nyumba, si kwa ajili ya mapumziko ya mechi. Theluthi moja ya watu 40,000 wakienda chooni kwa dakika 15, na kila mmoja akitumia lita 6, hizo ni karibu lita 80,000 kwa robo saa. Hifadhi maji kwenye matangi ndani ya kiwanja, na jenga shimo la kupokea majitaka litakaloyatoa polepole usiku. Umeme uje kwa laini mbili kutoka vituo viwili tofauti. Laini mbili kutoka kituo kimoja ni laini moja.

Mitaa ya jirani itakupinga, na ina haki. Watu wataegesha kwenye vichochoro vyao. Peleka mpango wa vibali vya maegesho ya wakazi siku ya mkutano wa kwanza, klabu ikiwa mlipaji, usingoje walalamike.

Bakuli lenyewe: kiwanja cha kuchezea na majukwaa

Uwanja wa kuchezea ni mita 105 kwa 68, na ukiongeza pembeni unahitaji kama 125 kwa 85. Ulaze kaskazini-kusini ili jua la jioni lisimpige kipa usoni. Kiti cha mbali kabisa kisizidi mita 190 kutoka kona ya mbali ya uwanja wa kuchezea. Mita 150 ni bora. Mstari wa macho ya mtazamaji upite juu ya kichwa cha aliye mbele kwa milimita 90, na usishuke chini ya 60. Ukiona mchoro wenye njia ya riadha “kwa matumizi mengine”, kataa.

Mwongozo wa usalama wa viwanja wa Uingereza hutoa vipimo vinavyotumika hata nje ya nchi hiyo: geti la kupita mtu mmoja mmoja lihesabiwe kwa watu wasiozidi 660 kwa saa, ngazi watu 66 kwa kila mita ya upana kwa dakika, na njia tambarare watu 82. Watu 40,000 kuingia kwa saa moja wanahitaji mageti 61, na uongeze machache ya akiba. Jukwaa la watu 10,000 linalotakiwa kuisha kwa dakika 8 linahitaji ngazi zenye jumla ya upana wa mita 19. Kosa la kawaida ni ngazi pana kumwagika kwenye ukumbi mwembamba. Pima sehemu nyembamba kuliko zote, hiyo ndiyo njia yako ya kutokea.

Nyasi hazitaki kuharakishwa. Kitanda cha mchanga cha sentimita 25 hadi 30 juu ya changarawe na mabomba ya kutolea maji, kisha mizizi ipewe wiki za kutosha kushika. San Francisco 49ers, timu ya mpira wa Kimarekani, walipohamia Santa Clara mwaka 2014, nyasi zilinyofoka hadi mazoezi yakakatizwa na sehemu ikatandikwa upya. Paa refu huleta kivuli upande mmoja. Tenga umeme na nafasi ya taa za kukuzia nyasi tangu kwenye mchoro.

Kuuza wa zamani, kuingia mpya

Usisaini tarehe ya kukabidhi uwanja wa zamani inayogusa tarehe ya kufungua mpya. Tottenham walitarajia kuingia kwao Septemba 2018, mifumo ya usalama ikaleta matatizo, wakacheza mechi ya kwanza ya ligi Aprili 2019. Wao walikuwa na Wembley, uwanja wa taifa, pa kuchezea. Wewe weka kwenye mkataba wa mauzo haki ya kuendelea kuukodi uwanja wa zamani kwa msimu mzima zaidi, na mwenye ligi akubali uwanja wa akiba mapema.

Jambo la umiliki lisipitwe haraka. Coventry City walihamia uwanja mpya 2005 bila kuumiliki. Migogoro na wenye uwanja ikawapeleka kucheza Northampton na baadaye Birmingham. Kama huwezi kumiliki, pata mkataba mrefu wenye sehemu yako ya mapato ya vyakula, maegesho na matamasha.

Viti vigawe kwa miaka ya tiketi ya msimu, si kwa haraka ya kubofya. Vikundi vya kuimba vihamishwe pamoja, nyuma ya goli moja, kabla ya wengine kuchagua. Mashabiki wageni wapewe kona yenye njia yake hadi kwenye mabasi yao. Na kabla ya kuchimba kiwanja cha zamani, tangazia familia: katika klabu nyingi majivu ya wafu yamemwagwa pale, na jambo hilo halitakiwi kugunduliwa na dereva wa tingatinga.

Fanya majaribio mawili kabla ya kufungua: la kwanza na robo ya watu, la pili na nusu au zaidi. Vuta vyoo vyote kwa pamoja. Zima laini moja ya umeme bila kuwatangazia wafanyakazi. Toa tangazo la kuondoka na upime dakika. Mechi tatu za mwanzo weka watu wenye saa kwenye kila mlango wa maegesho na kituoni, waandike gari la mwisho limetoka saa ngapi na treni gani imeondoka na nafasi, kisha ubadilishe taa za barabarani na ratiba ya mabasi kwa namba hizo kabla ya mechi ya nne.