Jinsi ya kuandaa mdahalo kuhusu adhabu ya daktari anayemsaidia mgonjwa kujiua

Mada hii hupangwa mara kwa mara kwenye midahalo ya vyuo na huharibika dakika tano za mwanzo. Msemaji wa kwanza anazungumzia daktari aliyempa mgonjwa dawa, wa pili anajibu kuhusu mashine ya kupumulia iliyozimwa, halafu mtu ukumbini anauliza habari za mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Wote watatu wanabishana juu ya makosa tofauti, na mengine si makosa kabisa. Kwa hiyo kabla ya kutafuta hoja, tenganisheni matendo.

Matendo manne

Yaandikeni ubaoni. La kwanza: daktari anampa mgonjwa njia, mgonjwa mwenyewe anatenda. Huku ndiko kusaidia kujiua. La pili: daktari mwenyewe anatenda kwa ombi la mgonjwa. Hiyo ni eutanasia, na kwa sheria za Kenya na Tanzania ni kuua, hata kama mgonjwa aliomba kwa maandishi. La tatu: kuondoa matibabu yasiyo na faida tena, kama mahakama ya juu ya Uingereza ilivyoruhusu mwaka 1993 katika shauri la Tony Bland, kijana aliyeumia uwanja wa Hillsborough na kubaki bila fahamu. La nne: kutuliza maumivu kwa dawa, ingawa daktari anajua huenda maisha yakafupika kidogo. Hilo lilikubalika katika kesi ya Dk. Adams, Uingereza, mwaka 1957.

Kila mfano unaoletwa upimwe kwa swali moja: nani alitenda tendo la mwisho, na kwa nia gani? Jack Kevorkian, daktari wa Michigan, Marekani, ndiye mfano unaotumiwa vibaya kuliko wote. Kesi zake za kusaidia watu kujiua zilimponyoka mwendesha mashtaka mara kadhaa katika miaka ya 1990. Kilichomtia hatiani mwaka 1999 ni kuua: safari hiyo alichoma sindano kwa mkono wake mwenyewe. Alihukumiwa miaka 10 hadi 25, akatoka 2007. Msemaji akimtaja kama daktari aliyefungwa kwa kusaidia kujiua, amekosea kosa lenyewe.

Someni kifungu, msisimuliwe

Tanzania ni kifungu cha 216 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kenya ni kifungu cha 225 cha Penal Code. Vimerithiwa kutoka shina moja la kikoloni na vinafanana karibu neno kwa neno. Vina miguu mitatu: kumfanya mtu ajiue, kumshauri mpaka akajiua, na kumsaidia kujiua. Daktari hatajwi, kwa hiyo hana nafuu wala uzito wa pekee. Adhabu inafika kifungo cha maisha.

"Inafika" ni muhimu. Hiyo ni dari, na hakimu anaweza kushuka chini yake. Kifungu cha 26 cha sheria ya Kenya kinasema wazi kwamba anayestahili kifungo cha maisha anaweza kupewa muda mfupi zaidi. Msemaji anayedai daktari "lazima afungwe maisha" atanaswa hapo.

Mtego mwingine ni kusema "angekufa tu". Sheria hizi zinahesabu kuharakisha kifo cha mtu ambaye tayari ni mgonjwa kuwa ni kusababisha kifo. Hoja hiyo inaweza kumlainisha hakimu wakati wa kutoa adhabu, lakini haimwondolei mtu hatia.

Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kuwa kifungu cha 226, kinachomwadhibu aliyejaribu kujiua, kinapingana na Katiba. Msikubali msemaji aruke kutoka hapo hadi kwa daktari. Uingereza iliacha kumwadhibu anayejaribu kujiua mwaka 1961, na sheria ileile ikamwekea anayemsaidia hadi miaka 14. Huruma kwa anayeteseka na kinga kwa anayemsaidia ni vitu viwili.

Mada yenyewe

"Je, eutanasia ni sawa?" ni mada mbovu, kwani inachanganya maadili, dini na jinai. Jaribuni hii: "Daktari anayemsaidia mgonjwa mtu mzima, mwenye akili timamu na ugonjwa wa kufisha, kujiua kwa ombi lake asishtakiwe kwa jinai." Kila kipande kinabeba mzigo. Ondoeni "mtu mzima" na mtajikuta Ubelgiji, ambako sheria ilifunguliwa kwa watoto mwaka 2014. Ondoeni "wa kufisha" na mtaingia kwenye magonjwa ya akili, uwanja mgumu zaidi, usiotosha jioni moja.

Mifumo ya kulinganisha

Uswisi, tangu 1942, inamwadhibu msaidizi akiwa tu na nia ya kujinufaisha. Oregon, jimbo la Marekani, kwa sheria iliyoanza kutumika 1997, inamtaka mgonjwa awe na miaka 18 au zaidi, ubashiri wa kuishi miezi sita au pungufu, madaktari wawili, maombi mawili ya mdomo na moja la maandishi lenye mashahidi. Daktari akitenda mwenyewe, amerudi kwenye jinai. Uingereza, mwongozo wa waendesha mashtaka wa 2010 ulimpa ndugu aliyesukumwa na huruma nafasi ya kutoshtakiwa, lakini kuwa daktari au muuguzi wa mgonjwa huyo ukauhesabu kama sababu ya kushtaki. Wengi hudhani ni kinyume chake.

Uholanzi ipewe muda zaidi, maana ndiyo inayonukuliwa kombo kila mara. Haikufuta kosa. Kifungu cha 294 bado kinaadhibu kusaidia kujiua hadi miaka mitatu, na cha 293 kuua kwa ombi hadi miaka 12. Sheria ya Aprili 2002 ilitoboa mlango kwa daktari peke yake: ombi la hiari lililofikiriwa vyema, mateso yasiyovumilika na yasiyo na matumaini, mgonjwa ameelezwa hali yake, hakuna njia nyingine ya maana, daktari wa pili asiyehusika amemwona mgonjwa, na kazi imefanywa kwa uangalifu wa kitabibu. Baadaye daktari anaripoti, na kamati yenye mwanasheria, daktari na mtaalamu wa maadili inakagua. Akikosa sharti, faili linaweza kufika kwa mwendesha mashtaka. Kwa maneno mengine, swali la Waholanzi si kama daktari aadhibiwe, ni hatua gani akiiruka aadhibiwe. Kwa maoni yetu upande wowote utakaoligeuza swali namna hiyo utakuwa mbele tangu mwanzo.

Hoja zinazosimama, na zinapovunjikia

Upande unaotaka adhabu usitegemee dini peke yake. Mpinzani ataheshimu imani yenu na kupita pembeni. Hoja nzito ni uhuru wa ombi. Mgonjwa anayelia na maumivu kwa kuwa mofini ya maji haifiki zahanati yake hajachagua kifo, amekosa dawa. Uganda ilionyesha kuwa pengo hilo linazibika: Hospice Africa ilianza huko 1993, na tangu 2004 wauguzi na maofisa tabibu waliofunzwa tiba shufaa, yaani kuwatuliza wagonjwa wa magonjwa mazito, wanaruhusiwa kuandika mofini. Udhaifu uko hapa: hoja hii inadai tiba, haijadai jela. Onyesheni jela inamlinda nani, kwa mfano mgonjwa ambaye ndugu zake wanahesabu gharama.

Upande wa pili una silaha kwenye hukumu. Dk. Postma, Uholanzi 1973: kifungo cha wiki moja, kilichosimamishwa. Dk. Cox, Uingereza 1992: kifungo cha miezi 12, kilichosimamishwa, kwa jaribio la kuua. Hawa wawili walitenda wenyewe. Litajeni hilo kabla mpinzani hajalitaja. Dk. Chabot, Uholanzi 1994, ndiye aliyesaidia kujiua hasa: alipatikana na hatia bila adhabu, na kasoro kubwa ilikuwa kwamba madaktari aliowashauri hawakumwona mgonjwa. Mpinzani atajibu kuwa hizi zinathibitisha mahakama inaweza kuhurumia bila kubadili sheria. Jibu: hofu ya mashtaka hulifanya jambo lifichwe, na palipofichwa hakuna daktari wa pili.

Msisahau ngazi ya katikati. Baraza la madaktari linaweza kumwonya daktari, kumsimamisha au kumfutia usajili bila jela. Wasemaji wengi husahau kuwa kutoshtakiwa si kutowajibika.

Siku yenyewe

Wasemaji wawili kila upande, dakika saba kila mmoja, na mbili za kwanza za msemaji wa kwanza ziwe za ufafanuzi wa matendo manne tu. Mwenyekiti apige marufuku kutaja dawa, vipimo au namna ya kujiua. Hakuna hoja ya kisheria inayohitaji hayo, na ukumbini anaweza kukaa mtu aliye katika hali hiyo usiku huohuo. Mshauri nasaha awepo, atambulishwe kabla ya kuanza. Majaji wakate alama kwa kila kesi iliyowekwa chini ya tendo lisilo lake, na wakate mara mbili ikiwa msemaji alisahihishwa akairudia.