Jinsi ya kumpa mtu muvi ya kitambo na kweli akaiangalia

Mtu akikwambia "nitajie muvi kali za zamani ambazo sijaziona" usikimbilie kumtumia listi ya muvi 50. Nimefanya hivyo miaka mingi, mtu anashukuru, anaiseva, halafu haangalii hata moja. Anapitisha macho kwenye majina, hamna hata moja linalomgusa, basi anarudi kwenye sirizi yake. Mpe moja. Moja tu, na iwe inayomhusu yeye, sio ile ambayo wataalamu wamesema ndo bora kuliko zote duniani, maana ukishamwambia mtu "hii ni bora kuliko zote" anakaa mbele ya skrini kama yupo kwenye mtihani, anatafuta huo ubora uko wapi badala ya kufuata stori.

Kabla hujataja jina lolote muulize hivi: kitu gani cha mwisho ulicheki mpaka ukasahau simu ipo wapi? Muvi utakayompa inatoka kwenye hilo jibu.

Akisema anapenda mambo ya kesi na upelelezi mimi sifikirii mara mbili, nampa 12 Angry Men ya 1957. Inaanza wakati kesi ishasikilizwa yote, jaji kamaliza maneno yake, wanaume 12, raia wa kawaida walioitwa na mahakama, wanafungiwa chumbani waamue kama kijana wa miaka 18 amemuua baba yake au hajamuua, na wakisema kaua basi ni kiti cha umeme. Wanapiga kura, 11 wanasema kaua, mmoja tu ndo anakataa, na sio kwamba ana uhakika kijana hana kosa, hapana, anataka waongee kwanza kabla hawajamtuma mtoto wa watu kufa. Basi, stori yote ndo hiyo, dakika 96 karibu zote ndani ya chumba kimoja na joto limewakaba, hamna risasi, hamna kufukuzana na magari, na bado huwezi kunyanyuka.

Hapa kuna kitu ambacho mimi hupenda kumdokeza mtu akishamaliza, sio kabla. Dairekta wake Sidney Lumet, na hii ilikuwa muvi yake ya kwanza, alianza akiwa ameweka kamera juu ya usawa wa macho na lenzi za kuonyesha upana, halafu kadri mabishano yanavyopanda akawa anaishusha kamera taratibu na kubadili lenzi zikawa ndefu, zile za kuvuta picha karibu, mpaka mwisho kamera inatazama watu kutoka chini, dari inaonekana, kuta zinakuwa kama zimesogea. Wewe unayeangalia hujui chochote, unachojua ni kwamba kifua kinabana. Mtu akisikia hivyo anataka kuiangalia tena, na ukiona mtu anataka kurudia muvi ya 1957 ujue kazi yako imeenda vizuri.

Anayependa upelelezi wenye giza zaidi mpe M ya Fritz Lang, Ujerumani, 1931. Kuna muuaji wa watoto mjini, polisi wanapekua kila kona mpaka majambazi wanakosa nafasi ya kufanya shughuli zao, kwa hiyo majambazi nao wanaamua kumsaka. Na anayemtambua ni muuza maputo kipofu, kwa mluzi anaopiga. Usiseme zaidi ya hapo.

Sasa urefu. Hili nalitilia mkazo kwa sababu niliwahi kuharibu. Rafiki yangu alikuwa hajawahi kuona muvi yoyote ya Japani ya zamani, mimi kwa mapenzi yangu nikampa Seven Samurai ya Akira Kurosawa, 1954, dakika 207, usiku, siku ya kazi. Alilala kabla hata wale samurai hawajatimia saba, na ikapita zaidi ya mwaka mzima kabla hajakubali tena kitu chochote kutoka kwangu. Muvi haikuwa na kosa, mimi ndo nilikosea mlango wa kumuingizia. Ningempa kwanza Rashomon ya 1950, ya huyohuyo Kurosawa, haifiki saa moja na nusu, tukio moja la kifo porini linasimuliwa na watu wanne na kila mmoja anakuja na lake. Akishampenda huyo mzee, akishamzoea mwigizaji wake Toshiro Mifune anavyokimbia na kucheka na kujikuna kama mnyama, hizo dakika 207 ataziomba mwenyewe, na umwambie kabisa kwamba katikati kuna mapumziko yaliyowekwa na muvi yenyewe, anaweza kuikata hapo akaendelea kesho yake.

Ukitaka fupi kabisa yenye uzito, La Noire de... ya Ousmane Sembène, Senegal, 1966, kama saa moja hivi. Hii ningempa kila mtu bila kumuuliza anapenda nini. Diouana ni binti wa Dakar, anapata kazi ya kulea watoto kwa familia ya Kifaransa, wanamwita awafuate kwao Antibes, Ufaransa, anaenda akiwa amevaa vizuri, anaota maduka na ufukwe, anafika anakuta ni kupika na kufagia ndani ya nyumba ambayo haruhusiwi hata kutoka. Mbele ya watu haongei karibu chochote, tunachosikia ni mawazo yake kichwani. Na kuna kinyago alichowapa zawadi kule Dakar, sasa kimetundikwa peke yake kwenye ukuta mweupe, nakuomba umwambie unayempa akikazie macho hicho kinyago kuanzia mwanzo mpaka mwisho, usimwambie kwa nini.

Sembène mwenyewe alibeba mizigo bandarini Marseille, akawa mwandishi wa riwaya, halafu akaenda kusomea filamu Moscow akiwa mtu mzima kwa sababu aliona watu wake wengi hawawezi kusoma vitabu vyake. Ukijua hilo unaelewa kwa nini kila kitu kwenye hiyo muvi kinasomeka kwa macho.

Kwenye kusimulia ndo wengi tunamwaga uhondo. Unamwelezea mtu kwa furaha mpaka unamfikishia mwisho. Mpe hali tu, sentensi mbili, halafu nyamaza. Mfano Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, Italia, 1948: baba hana kazi muda mrefu, anapata kazi ya kubandika mabango ila lazima awe na baiskeli, mke anapeleka mashuka rehani ili wakomboe baiskeli, siku ya kwanza kazini inaibwa, na anaanza kuitafuta Roma nzima na mwanae mdogo. Kaa kimya hapo. Mtu yeyote aliyewahi kutegemea kitu kimoja ili ale atataka kujua kama imepatikana. Aliyecheza baba hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na ile namna anavyotembea, yule mtoto akijitahidi kwenda sawa na hatua zake, mimi sijaona mwigizaji wa kulipwa aliyeifikia.

Akiipenda hiyo, inayofuata nishaiandaa: Where Is the Friend's House? ya Abbas Kiarostami, Iran, 1987. Mtoto wa shule kabeba daftari la mwenzake kwa bahati mbaya, na mwalimu alishasema huyo mwenzake akileta tena kazi nje ya daftari anafukuzwa, kwa hiyo dogo anakimbia kijiji cha pili kulirudisha bila kujua nyumba iko wapi, na watu wazima wote njiani hawamsikilizi. Ni daftari tu, lakini moyo utakudunda kuliko muvi ya bomu.

Kuna vizuizi vitatu utakutana navyo kila mara, na usivikwepe, vitaje mwenyewe kabla. Cha kwanza nyeusi na nyeupe. Usimwambie "utazoea", mpe muvi ambayo ikiwekwa rangi inakufa. The Night of the Hunter ya 1955, Robert Mitchum ni mhubiri wa uongo anayewawinda watoto wawili kwa ajili ya pesa alizoficha baba yao, kavuli kake tu kakipita ukutani kwenye chumba cha watoto unaelewa kila kitu. Charles Laughton alikuwa mwigizaji, hii ndo muvi pekee aliyowahi kuiongoza na ninasikitika kila nikiikumbuka, kwa sababu mtu aliyeanza hivyo tungepata nini tena kutoka kwake.

Cha pili maandishi ya chini. Hapo ni suala la kumwambia aweke simu mbali, basi, ukiinamia simu kwenye muvi ya lugha usiyoijua umeshapotea.

Cha tatu ndo kigumu, muvi zisizo na sauti. Mimi huanza na City Lights ya Charlie Chaplin, 1931. Wakati huo muvi za kuongea zilikuwa zishashika soko miaka kadhaa, yeye akakataa kumpa yule mzururaji wake sauti, akaweka muziki na milio tu. Binti kipofu anauza maua, anadhani mzururaji ni tajiri, na yeye anaamua asimtoe kwenye hiyo imani. Dakika za mwisho ni nyuso mbili zinaangaliana. Sijawahi kumpa mtu akarudi kusema hamna kitu. Baada ya hapo ndo unaweza kumpa The Passion of Joan of Arc ya Carl Dreyer, 1928, ambayo karibu yote ni sura ya mwigizaji Falconetti inayokaribia kujaza skrini. Filamu yake ya asili iliungua, ikadhaniwa imepotea kabisa ilivyokuwa mwanzo, hadi 1981 kopi ikapatikana kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Oslo, Norway. Hebu fikiria, sura ile ilikaa gizani miaka yote hiyo.

Halafu uwe mkweli kuhusu ubaya wa muvi. The General ya Buster Keaton, 1926, ina michezo ya treni ambayo mpaka leo unajiuliza jamaa hajafa vipi, alifanya mwenyewe, na lile treni linaloporomoka darajani ni treni la kweli. Lakini steringi yupo upande wa majimbo ya kusini ya Marekani, upande uliopigania utumwa uendelee, na muvi haioni shida yoyote. Mwambie mtu mapema. Akikutana nalo mwenyewe ataona ulimficha na hatakuamini tena, akijua kabla ataamua mwenyewe anaiangaliaje.

Kuna zile ambazo unatakiwa kumjua mtu vizuri kwanza. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, 1973, vijana wawili wa Dakar, pikipiki yenye pembe za ng'ombe mbele, na ndoto ya Paris inayoimbwa na kurudiwarudiwa. Stori inaruka, inakatika, inarudi. Mtu wa kesi na ushahidi itamboa, mtu wa muziki na picha itamshika wiki nzima. Cairo Station ya Youssef Chahine, Misri, 1958, ni rahisi zaidi, haifiki dakika 80, Chahine mwenyewe anacheza muuza magazeti mlemavu kituo cha treni anayempenda muuza soda mwenye mchumba wake tayari. Inaanza kama kichekesho na mapenzi, halafu inakuwa kitu kingine kabisa.

Jambo la kopi watu wanalidharau na ndo linaloua muvi nyingi za kitambo. Ukiangalia kopi chafu, sauti inakwaruza, nusu ya picha imekatwa, utasema muvi mbovu kumbe kopi ndo mbovu. Tafuta toleo lililofanyiwa ukarabati. Touki Bouki na La Noire de... zote zimekarabatiwa kupitia World Cinema Project aliyoianzisha dairekta wa Marekani Martin Scorsese 2007. Pather Panchali ya Satyajit Ray, India, ya 1955, mkanda wake wa asili uliungua kwa moto London 1993, wakakaa wakaunganisha kipande kwa kipande, na tangu 2015 kuna toleo safi ambalo unaona mpaka wadudu juu ya maji mvua inapoanza. Kingine, muvi nyingi za kabla ya miaka ya 50 umbo lake linakaribia mraba, lazima ziache weusi pembeni. Usivute picha ijaze skrini, watu wanakuwa wafupi wanene na kila kitu alichopanga mpiga picha kinaharibika. Na toleo lililopakwa rangi baadaye kwa kompyuta liache.

Akishamaliza usimsaili. Usimuulize "umeona ile sehemu?" dakika hiyohiyo, muache alale nayo. Pather Panchali ilinichukua siku tatu kabla sijaweza kuiongelea. Kama imeingia atarudi mwenyewe, na kwa hiyo ya Ray una bahati kwa sababu zipo mbili zinazoendelea na maisha ya Apu, yule mtoto wa kwenye hiyo muvi: Aparajito na Apur Sansar, huna haja ya kutafuta.

Na kama hajui anataka nini tena, anasema tu "una nyingine?", mimi huwa nampa Ikiru, Kurosawa, 1952. Simwelezei kitu. Namwambia inaanza na picha ya eksirei ya tumbo la mzee mmoja wa ofisini, na mzee mwenyewe bado hajaambiwa.