Kuchora picha ya kwasa ya mbali kwa laptopu yako

Kwasa ni kiini cha galaksi king'aacho mno kwa nguvu ya shimo jeusi. Kuichora, huhitaji dishi juu ya paa. Antena 10 za VLBA, mtandao wa darubini za redio wa Marekani, zilizotapakaa kutoka Hawaii hadi Karibi, zilishasikiliza. Data iko wazi kwenye hifadhi ya Astrogeo, na faili ni ndogo, bando la kawaida latosha. Anza na kwasa J1430+4204, yenye redishifti 4.72 (kipimo cha jinsi mawimbi yalivyonyooshwa na kupanuka kwa ulimwengu). Mawimbi yake yamesafiri zaidi ya miaka bilioni 12, lakini bado yana nguvu ya kumfaa anayejifunza. Kwasa nyingine, J0836+0054, hupita karibu na utosi hapa Mombasa, ila ni hafifu mno, iache kwanza.

Chukua faili ya masafa ya gigahezi 8. Antena zilizoachana km 8,600 hutofautisha vitu vilivyotengana kama milisekunde 0.9 ya tao (kipimo cha pembe): sarafu ya shilingi ishirini iko Rome, wewe unaitazama ukiwa Likoni.

Fungua Difmap, programu ya kuchora picha za redio, kwenye Linux. Andika `observe` na jina la faili, kisha `select I`. Usikimbilie picha: pitia `vplot`, antena moja baada ya nyingine, ufute nukta zilizoruka mbali na wenzake. Weka `mapsize 512,0.2` (ukubwa wa picha) na `uvweight 2,-1` (uzito wa data). Kwenye `mapplot`, chora dirisha dogo linalozunguka kiini pekee, halafu `clean 50,0.05`, inayojenga modeli ya kwasa na kuiondoa kwenye ramani, kisha `selfcal`, ambayo yenyewe hurekebisha fezi (mpangilio wa mawimbi kati ya antena) tu. Rudia mpaka mabaki ndani ya dirisha yafanane na kelele ya nje.

Wengi huharibu hapa: wanaita `selfcal true,true` mapema. Hapo programu inagusa pia nguvu ya ishara, na data inapindwa ifuate modeli yako, hata kama modeli ni ya uongo. Kagua kama kuna doa pacha upande wa pili wa kiini. Kwasa za namna hii huonyesha mchirizi mmoja wa maada inayorushwa kutoka kwenye kiini, kwa sababu ule unaotujia kwa kasi karibu na ya mwanga hung'aa zaidi na wa nyuma hufifia. Pacha huwa ni kosa la fezi lililogandishwa. Usilibembeleze: `clrmod true,true,true`, `uncalib true,true`, uanze upya. Fezi zikitulia, tumia `gscale`, inayosawazisha nguvu ya kila antena kwa jumla; `selfcal true,true,30` ije mwisho.

Piga `save` kila hatua, maana stima haipigi hodi ikiondoka.

Mwishowe jaribu `uvweight 0,-2`, inayoipa data yenye kelele ndogo uzito zaidi. Picha itanenepa kidogo, lakini ncha hafifu ya mchirizi itajitokeza.