Kujenga jozi ya tenisi Mtwara: kutoka uwanja wa netiboli hadi pointi ya kwanza ya dunia

Vijana wengi wanaoshika raketi Mtwara na Lindi hufundishwa kucheza mmoja mmoja, kisha siku ya mashindano wawili waliotolewa mapema wanaunganishwa na kuambiwa wacheze pamoja. Hiyo ni hasara. Tenisi ya wawili wawili ina orodha yake ya ubora duniani, ina mafundi wake, na inamweka mtu uwanjani miaka mingi. Ndugu Bob na Mike Bryan wa Marekani walichukua mataji 16 ya Grand Slam, yaani mashindano manne makubwa ya tenisi, wakiwa jozi, wakastaafu mwaka 2020 wakiwa na miaka 42. Rohan Bopanna wa India alifika namba moja duniani Januari 2024 akiwa na miaka 43. Hapa Afrika, Cara Black wa Zimbabwe alishinda Wimbledon ya wawili mwaka 2004, 2005 na 2007.

Kuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi nasi. Katika makundi ya Afrika ya Davis Cup na Billie Jean King Cup, mashindano ya timu za taifa za wanaume na za wanawake, nchi mbili zinapokutana huchezwa mechi mbili za mmoja mmoja na moja ya wawili. Zikigawana zile mbili za kwanza, jozi ndiyo inayoamua. Jozi iliyozoeana miaka mitatu ina thamani kubwa kwa timu ya taifa, hata kama hakuna kati yao aliye bora nchini akicheza peke yake.

Uwanja kwanza

Usisubiri uwanja wa tenisi. Uwanja wa netiboli wenye sakafu ya saruji una mita 30.5 kwa 15.25. Uwanja wa tenisi ya wawili ni mita 23.77 kwa 10.97. Ukiuchora katikati, zinabaki mita 3.36 nyuma ya kila mstari wa mwisho na mita 2.14 kila pembeni. Nyuma ni pafinyu, kwa kuwa kipimo kinachopendekezwa ni mita 6.40, lakini wachezaji wa wawili hushinda wavuni, kwa hiyo panatosha kwa mazoezi.

Vuta uzi mahali wavu utakapopita na uweke alama mbili zilizoachana mita 10.97. Kutoka kila alama pima kurudi nyuma mita 11.885. Sasa pima mshazari, kutoka alama ya wavu upande mmoja hadi kona ya nyuma upande wa pili: lazima upate mita 16.17, kulia na kushoto. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya sentimita moja, uwanja umepinda. Sogeza kona kabla ya kugusa rangi. Kisha ingia ndani mita 1.37 kila upande upate mstari wa mchezo wa mmoja. Nafasi iliyo kati ya mistari hiyo miwili ya pembeni tutaiita kichochoro, na ndiyo inayotofautisha uwanja wa wawili na wa mmoja. Mstari wa sevu, yaani wa pigo la kuanzisha pointi, uko mita 6.40 kutoka wavuni.

Chokaa haifai: inachafua mipira na inaondoka na mvua ya kwanza. Rangi ya mafuta peke yake huteleza kukiwa na umande. Changanya rangi na mchanga laini wa mto uliochekechwa, kiasi cha kukwaruza kidogo tu ukipitisha kiganja. Mchanga wa ufukweni una chumvi, uache huko huko.

Nguzo za wavu zisimame sentimita 91.4 nje ya mstari wa pembeni, hivyo kutoka nguzo hadi nguzo ni mita 12.80. Kwenye nguzo wavu una mita 1.07, katikati unavutwa chini hadi sentimita 91.4. Kama huna futi ya kupimia, simamisha raketi moja, yenye sentimita 68.5, halafu weka kichwa cha raketi nyingine juu yake kikiwa kimelala ubavu. Utakaribia kimo cha katikati. Pima kila siku, kwa sababu kamba hulegea, na mtoto aliyezoea wavu wa sentimita 80 atapiga wavuni mashindano yote.

Kumbuka tofauti hiyo ya sentimita 15 na kidogo. Ndiyo sababu mpira wa katikati ni salama na mpira wa kichochoroni ni hatari, na mbinu nyingi za wawili zinaanzia hapo.

Nani asimame wapi

Upande wa kushoto unapokea pointi za 30-40 na 40-30, zinazoweza kumaliza gemu, kwa hiyo mpe mwenye roho ngumu. Upande wa kulia mpe mwenye ritani (pigo la kurudisha sevu) isiyokosea, hata kama haina nguvu, kwa sababu yeye ndiye anayefungua kila gemu. Mmoja akiwa mshoto, jaribuni mipangilio yote miwili kwa wiki nne kila mmoja na mwandike pointi za ritani mlizoshinda. Msiamue kwa hisia.

Mashindano mengi ya kulipwa ya wawili hayana marudio ya dyusi, yaani kuendelea hadi upande mmoja uongoze kwa pointi mbili. Ikifika 40-40 inachezwa pointi moja tu, na wapokeaji ndio wanaochagua upande wa kupokelea. Muwe mmekubaliana mapema nani ataipokea. Jozi inayoanza kuulizana wakati huo inaonyesha hofu, na wapinzani wanaiona. Mkigawana seti, seti ya tatu haipo: huchezwa taibreki, yaani gemu moja ndefu ya kuamua, ya pointi 10.

Sevu na mtu wa wavuni

Hapa ndipo penye kazi. Katika mchezo wa mmoja, sevu kali ni silaha. Katika wawili, sevu ni pasi ya kumwandalia mwenzako. Lenga kuingiza sevu 7 za kwanza kati ya 10, hata kama itabidi upunguze nguvu. Sevu ya pili inampa mpokeaji nafasi ya kusogea mbele na kumpiga mwenzako kifuani.

Katika zoezi la sevu 60, piga 30 kuelekea makutano ya mistari katikati, mahali panapofanana na herufi T, 20 mwilini mwa mpokeaji, na 10 pembeni. Wingi huo wa katikati una maana. Mpira uliotua T unarudishwa kutoka katikati ya uwanja, na kutoka hapo pembe ya kupiga kichochoroni inakuwa finyu, tena juu ya sehemu ya wavu iliyo ndefu. Sevu ya pembeni humfungulia mpokeaji kichochoro, kwa hiyo mwenzako inabidi akilinde na hawezi tena kuvuka kwenda kuiba.

Kuiba ni pale mtu wa wavuni anapokata njia na kuudaka mpira uliokuwa unaelekea kwa mwenzake. Anasimama katikati ya upana wa boksi la sevu, mita 2 hadi 2.5 kutoka wavuni. Mkono usioshika raketi uko nyuma ya mgongo ukitoa ishara: kidole kimoja sevu iende T, viwili mwilini, vitatu pembeni. Kisha ngumi, yaani nabaki, au kiganja wazi, yaani navuka. Anayepiga sevu ajibu "ndiyo" au "hapana" kwa sauti ya chini. Mna sekunde 25 kati ya pointi na pointi, zinatosha.

Makosa ya kuiba yanajirudia kila mahali. La kwanza ni kuondoka mapema. Mpokeaji akikuona unavuka anapiga kichochoroni na pointi imekwisha. Mtazame kichwa chake: kinapoinama kuufuata mpira, hapo hakuoni tena, ondoka. La pili ni kukimbia sambamba na wavu. Vuka kwa mshazari, ukisogea mbele. Weka kifuu cha nazi kwenye mstari wa kati, mita moja kutoka wavuni, na mchezaji apige voli yake, yaani mpira ambao haujadunda, akiwa amekikaribia. Voli ikipigwa mita mbili nyuma ya kifuu, mpira tayari umeshuka chini ya kimo cha wavu, naye atalazimika kuunyanyua badala ya kuupiga chini. La tatu ni la mwenzake: aliyepiga sevu anasahau kuhamia upande ulioachwa wazi. Mkiitana "badili!" mara moja, kosa hilo linaisha.

Voli ya kuiba haihitaji kuzungusha mkono. Raketi ibaki mbele ya macho, kichwa chake kiwe juu ya kifundo cha mkono, na mpira uelekezwe miguuni mwa mtu wa wavuni wa upande wa pili au katika mwanya kati yao wawili.

Sauti nazo zifundishwe kama pigo. "Wangu!" ni ahadi, si ombi. "Acha!" ni kwa mpira unaotoka nje. Mpira wa katikati kati ya wakulia wawili ni wa aliye kushoto, kwa sababu forihendi yake, yaani pigo la upande wa mkono wa raketi, iko katikati. Jozi isiyosema kitu hupoteza pointi za katikati huku kila mmoja akimheshimu mwenzake.

Ritani na upepo wa kusi

Ritani ya wawili ina njia tatu, kwa mpangilio huu: ya chini ya mshazari, itue miguuni mwa anayekuja wavuni; lobu, yaani mpira wa juu, upite juu ya mtu wa wavuni; na moja ya kichochoroni mapema katika seti, hata kama utaikosa, ili mtu wa wavuni asiwe huru kuiba.

Lobu ndiyo inayotuponza sisi wa pwani ya kusini. Uwanja mzuri huelekezwa kaskazini na kusini ili jua lisimchome anayepiga sevu asubuhi na jioni. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, takriban Aprili hadi Oktoba. Aliye upande wa kusini ana upepo mgongoni, naye alenge lobu ifike mstari wa sevu tu, aielekeze kulia kidogo, upepo utamalizia. Aliye kaskazini alenge mstari wa mwisho kabisa, la sivyo lobu itasimama hewani na kurudi kwa smashi, pigo kali la juu ya kichwa. Kaskazi ikiingia, mambo yanageuka. Mfanye zoezi la lobu 20 kila upande, kila siku, wala msichague upande mnaoupenda.

Mazoezi yawe saa 12 asubuhi hadi saa 2:30, au kuanzia saa 10 jioni. Saruji ya Mtwara ya saa 7 mchana inayeyusha soli na kumaliza miguu.

Mpira mpya ukiangushwa kutoka sentimita 254 unadunda sentimita 135 hadi 147. Chora alama hizo ukutani. Mpira usiofika 135 utumike kwa mazoezi ya kurusha na kudaka tu, si kwa voli, maana unadanganya mkono. Nyuzi za utumbo, ambazo wachezaji wa wawili wanazipenda, hazivumilii unyevu wa bahari. Nyuzi za sintetiki zinafaa zaidi kwetu, zikifungwa kwa kilo 22 hadi 24.

Safari ya pointi ya kwanza

Pitia kwanza Chama cha Tenisi Tanzania na mashindano ya Dar es Salaam. Mkifika fainali mara kwa mara, fungueni usajili wa IPIN, namba ya utambulisho wa mchezaji, kwenye tovuti ya ITF, shirikisho la tenisi la kimataifa, kila mtu wa kwake. Kabla ya mechi ya kwanza ya kulipwa malizeni pia mafunzo ya mtandaoni ya uadilifu. Yachukulieni kwa uzito. Mchezaji haruhusiwi kubeti tenisi yoyote, hata mechi isiyomhusu iliyo bara jingine. Kijana aliyezoea kuweka mkeka kila Jumamosi aache kabisa kugusa tenisi, na akifuatwa na mtu anayetaka "taarifa kidogo" ya mwenzake, atoe ripoti siku hiyo hiyo.

Ngazi ya chini ya mashindano ya kulipwa ya ITF ni M15 kwa wanaume na W15 kwa wanawake. Kwa kawaida zinaingia jozi 16, hivyo taji ni ushindi wa mechi nne. Kutolewa raundi ya kwanza hakuleti pointi ya orodha ya ubora duniani. Pointi zinakaa wiki 52 na zinaandikwa kwa mtu, si kwa jozi. Mkiachana kila mmoja anaondoka na zake. Lakini zawadi ya fedha inatangazwa kwa jozi, kwa hiyo igaweni kwa mbili kabla hamjapiga hesabu ya nauli.

Hesabu hiyo ndiyo inayokatisha safari za wengi. Mashindano moja kwa tiketi moja ya ndege hayalipi. Monastir kule Tunisia na Sharm El Sheikh kule Misri huandaa mashindano ya ngazi hii wiki baada ya wiki, mahali pale pale. Pangeni wiki tatu mfululizo, chumba kimoja, mipira na nyuzi kutoka nyumbani. Nairobi ikipata mashindano, iwe ya kwanza kwenu, maana mnafika kwa basi. Viza na kitabu cha chanjo ya homa ya manjano viulizwe miezi miwili kabla.

Kwa familia ya mkulima, wakati mzuri wa kuondoka ni baada ya malipo ya korosho. Minada huanza Oktoba, na mvua zikishakolea kuanzia Desemba saruji inateleza na mazoezi ya nyumbani yanapungua. Safari ya Januari haiwapotezei kitu.

Mkifika, mara nyingi majina yenu yatakuwa nje ya orodha kwa sababu bado hamna cheo. Msikate tamaa wala msirudi hotelini. Wanaocheza mmoja mmoja hujitoa kwenye wawili wakichoka au wakiumia, na nafasi hiyo hupewa jozi iliyojiandikisha na iliyopo. Muwe mezani kwa msimamizi kabla muda wa kujiandikisha haujafungwa, wote wawili, viatu miguuni, raketi begani.