Kabla ya Kufuta Utaratibu wa Zamani Kijijini: Mambo ya Kuzingatia

Mtu anayeandaa hoja ya kubadili utaratibu wa zamani, awe mjumbe wa halmashauri ya kijiji wilayani Kilolo au kijana msomi aliyerejea nyumbani Rungwe na mawazo mapya, kwa kawaida hukusanya takwimu na vifungu vya sheria kisha huomba kikao. Ningependa kabla ya kikao hicho ajipime pia kwa maswali ambayo wanafikra wahafidhina, yaani watetezi wa taratibu zilizorithiwa, wameyauliza kwa zaidi ya karne mbili: binadamu ni kiumbe wa namna gani, jamii hushikamana kwa nguvu ya kitu gani, na dola inaweza kufanya nini bila kuharibu.

Jambo la kwanza ni kufahamu wahafidhina wenyewe wanadai nini, maana wengi wetu tunawadhania kuwa watu wasiotaka maendeleo. Edmund Burke, mzaliwa wa Dublin aliyekuwa mbunge katika Bunge la Uingereza, aliandika mwaka 1790 kuyapinga Mapinduzi ya Ufaransa. Lakini ndiye huyo huyo aliyekuwa ametetea malalamiko ya makoloni ya Marekani dhidi ya serikali ya mfalme, na ambaye kwa miaka mingi alimwandama Warren Hastings, gavana mkuu wa Waingereza huko India, kwa dhuluma walizotendewa watu wa India. Alishikilia kwamba dola isiyo na njia ya kujirekebisha haina njia ya kujihifadhi. Alichokipinga ni kiburi cha kizazi kimoja kuamini kwamba akili zake zinatosha kuivunja jamii nzima na kuijenga upya kwa ramani. Kwake jamii ni ushirika wa walio hai, waliokufa na watakaozaliwa, wazo ambalo si geni kwa yeyote aliyelelewa katika ukoo wa Kihehe au wa Kinyakyusa.

Pili, hoja iandaliwe kwa kumchukulia binadamu alivyo. Mhafidhina humwona mwanadamu kuwa na mipaka ya wema na mipaka ya ujuzi. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, aliieleza mipaka hiyo kwa fundisho la dhambi ya asili. Mwanafalsafa David Hume wa Uskoti, ambaye hakutegemea dini, alionyesha jinsi mazoea yanavyotuongoza kuliko hoja. Kwa hiyo sheria ndogo inayohitaji kila mtu awe mwema ndipo ifanye kazi imeshindwa kabla ya kupitishwa. Wengi huteleza hapa kwa kumshuku mkulima huku wakimwamini mtendaji, kana kwamba anayeshika kitabu cha stakabadhi za faini ameumbwa kwa udongo mwingine. Swali la nani atatoza, nani atakagua na aliyeonewa atakwenda wapi liwe na jibu mapema.

Tuchukue vinyungu, yaani mashamba ya mabondeni ya wakati wa kiangazi, kwa kuwa ndipo suala hili linapouma Iringa na Njombe. Mvua zikiisha na mashamba ya juu yakikauka, watu hushuka mabondeni, hufyeka majani, huyalaza na kuyafukia kwenye tuta ili yaoze, na huacha mifereji kati ya tuta na tuta ili maji yaliyozidi yatoke. Mazao ya huko huvunwa wakati ghala la nyumbani limepungua na mahindi ya mlimani bado hayajakomaa. Mahindi mabichi huuzwa barabarani, na fedha yake husaidia mahitaji ya shule ya Januari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, na sababu yake ni ya kweli, kwa kuwa sehemu ya maji ya milima hii huingia mto Ruaha Mkuu na kufika mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Anayeandaa utekelezaji wake kijijini hana budi kwanza kuandika kila kazi ambayo vinyungu vinaifanya, hata ile ambayo mkulima mwenyewe hawezi kuieleza akiulizwa ghafla: nani humwazima jirani asiye na bonde kipande cha msimu mmoja, nani huzibua mifereji, na kama ipo chemchemi ambayo wazee walikataza isilimwe tangu kabla ya sheria hiyo. Michael Oakeshott, mwanafalsafa Mwingereza aliyeishi kati ya 1901 na 1990, alitofautisha ujuzi unaoweza kuandikwa kitabuni na ule unaopatikana kwa kutenda tu, na aliikosoa vikali siasa inayoutambua ule wa kwanza peke yake.

Nchi yetu, Tanzania, ina ushahidi wake. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 na kurejeshwa 1984. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976, na sheria ya 1982 ikaruhusu virudi. Amri ya 1973 kwamba wote wawe wamehamia vijijini ifikapo mwisho wa 1976 ililenga shule, zahanati na maji, na wapo walionufaika. Lakini kaya nyingi zilijikuta mbali na mashamba ambayo wazazi wao walikuwa wameyajua udongo wake. Nia ilikuwa njema, nami naiheshimu. Hata hivyo, kufuta kulihitaji uamuzi tu, ilhali kurejesha kulidai miaka, na uaminifu wa mwanachama kwa chama chake haukurudi pamoja na sheria.

Vikundi vidogo vilivyo kati ya mtu na dola, yaani ukoo, jumuiya, kwaya, vyama vya kuzikana na makundi ya kulimiana, vihesabiwe vyote kabla ya kuipa serikali kazi ambayo tayari vinaifanya.

Tahadhari hii isigeuzwe ngao ya dhuluma. Tangazo la Sheria za Mila la 1963 linamnyima mjane fungu la urithi iwapo mumewe ameacha ndugu wa ukoo. Ukiichunguza desturi hiyo kwa jicho la kihafidhina, unakuta haki ya ukoo juu ya mali ilikwenda sambamba na wajibu wa kumlisha mjane na watoto wake; pale wajibu ulipokufa na haki ikabaki, kilichosalia ni unyang'anyi uliovaa vazi la mila, na mimi sioni sababu ya kusitasita kuuondoa.

Mwisho ni utaratibu wenyewe. Sheria ndogo hupelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, kisha huhitaji idhini ya halmashauri ya wilaya. Muda huo utumike kusikiliza, hasa akina mama wa mabondeni, ambao mara nyingi kikao hupangwa saa wakiwa shambani. Ianze kitongoji kimoja kwa msimu mmoja, kikiwekwa kipengele cha kuipitia upya. Muhtasari uandike pia hoja za waliopinga, ili halmashauri itakayofuata, ikikuta mifereji imeziba au chemchemi imepona, ijue hoja ya nani ilikuwa sahihi.